Nimechaguliwa chuo kidogo cha binafsi kusoma ualimu wa sanaa, nithibitishe au nichukue sosholojia?

binti_upareni

Habarini wakuu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu kombi ya HKL, Historia nina C, Kiswahili B, Kiingereza C. Awamu ya kwanza imetoka na nimechaguliwa sehemu mbili. Moja ni digrii ya sanaa na elimu, yaani ualimu, kwenye chuo cha binafsi cha kanisa huku nyanda za juu kusini, chuo chenyewe kidogo sana, kuna kaka alipita pale anasema kozi yao nzima mwaka wa kwanza hawakufika hata 100. Nyingine ni sosholojia kwenye chuo cha serikali Dar. Niliomba na vyuo vya elimu vya serikali, DUCE na Mkwawa, ila kote sikupata.

Sasa namba ya siri ya kuthibitisha nishapokea na siku zinaisha, nyumbani kila mtu ana lake. Baba ni fundi cherehani pale Same mjini, anasema nikasome cha serikali ada nafuu na jina linajulikana. Mama mdogo anasema walimu wa sanaa wamejaa mtaani tangu 2015 hawajaajiriwa kwa hiyo nisipoteze miaka mitatu. Mimi ualimu naupenda kwa kweli, sio kwamba nimekosa pa kwenda, kidato cha pili tulikuwa na dada aliyekuja kujitolea kufundisha Kiswahili na yule ndo aliyenifanya nianze kusoma vitabu, kabla yake nilikuwa nashika nafasi za mwisho mwisho huko. Naomba ambao mmesoma ualimu kwenye vyuo vidogo vya binafsi mniambie ukweli, masomo yakoje, mkopo unatosha, na ukimaliza wanakuangaliaje. Nitashukuru.

tanga_line

Sosholojia ya Dar. Usijiulize mara mbili.

mwl_historia_88

Mdogo wangu marahaba. Mi nimesoma hiyo hiyo BA na elimu, Historia na Kiswahili, chuo kidogo cha binafsi, nimemaliza 2018, sasa hivi nafundisha shule ya serikali. Ngoja nikuambie nilichokiona kwa macho yangu.

Kuhusu masomo usiwe na hofu, muundo unafanana na wa vyuo vingine vya ualimu, utakuwa na masomo mawili ya kufundishia halafu kuna yale ya elimu yenyewe, saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, sosholojia ya elimu (kwa hiyo hiyo sosholojia utaionja tu), mtaala na mbinu za kufundishia, upimaji na tathmini, na DS (masomo ya maendeleo) ambayo kila mtu anasoma. Tofauti kubwa ni idadi ya watu darasani. Sisi kwenye Historia tulikuwa 41. Mhadhiri alikuwa anarudisha asaimenti imejaa wino mwekundu mpaka pembeni ya karatasi, na ukikosa darasa mara mbili anauliza wenzako unaumwa au nini.

Lakini sehemu iliyonifanya nikashukuru kusoma chuo kidogo ni TP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni. Mwaka wa kwanza nilipangwa shule moja ya kata huko Songea, kidato cha pili, wanafunzi 87 kwenye chumba kimoja, madawati hayatoshi wengine wanaandikia magotini. Mada ilikuwa safari ya Wangoni. Nimeandaa andalio la somo vizuri kabisa, nimeingia, nikaanza kuwasomesha Zwangendaba kavuka mto Zambezi 1835, kafika Ufipa, kafariki, wakagawanyika, naandika ubaoni wao wananakili, nageuka naona nusu ya darasa wamelala. Mhadhiri wangu kakaa nyuma kabisa kwenye kiti kimevunjika mguu mmoja, anaandika tu. Kipindi kikaisha. Akanichukua chini ya mwembe akaniuliza swali moja tu, "hawa watoto ni wajukuu wa nani?" Nikanyamaza, manake nilikuwa nimesimama Songea nawafundisha Wangoni habari za Wangoni kama vile nawaelezea watu wa mbali.

Wiki iliyofuata akarudi tena. Safari hii nimewatuma wawaulize bibi na babu zao nyumbani, na darasani nikachora mstari wa chaki sakafuni kuanzia mlangoni, pale ndo kusini mwa Afrika, katikati ya madawati Zambezi, dirishani Ufipa, halafu kutoka Ufipa kundi moja linakuja huku Songea na kundi jingine, Watuta, wanapanda juu mpaka Unyamwezi. Watoto wanatembea wenyewe juu ya mstari. Kuna kabinti kalikuwa hakaongei kabisa kakasimama kakasema babu yake anajua majina ya vita kwa Kingoni na kakayataja matatu. Darasa zima kimya. Mpaka leo nikifundisha mada hiyo naanza na chaki sakafuni.

Mhadhiri yule alikuja mara tatu kwa ile TP moja. Kuna wenzetu kutoka chuo kikubwa tulikuwa nao shule hiyo hiyo, wao walitembelewa mara moja, siku yenyewe mtu anakimbizana na ratiba ya shule nyingine, kakaa dakika ishirini kaondoka. Simlaumu, alikuwa na wanafunzi wengi wa kuzungukia. Ila mimi ualimu nimejifunzia pale chini ya mwembe.

Upande wa pili na wenyewe ukweli nikuambie. Mwaka wa pili mkopo wangu wa ada ulikuwa asilimia ndogo, mzee akayumba, na chuo changu kilikuwa hakina mchezo na ada. Siku ya mtihani wa upimaji na tathmini nilizuiwa mlangoni kwa sababu sina kadi ya mtihani, nimesimama nje ya ukumbi na kalamu mbili mkononi nawasikia wenzangu wanagawiwa karatasi. Nikaja kuufanya baadaye wakati wa sapu, ile mitihani ya marudio. Kwa hiyo kabla hujathibitisha piga hesabu ya ada ya miaka yote mitatu, usipige ya mwaka wa kwanza peke yake.

mama_watatu_dodoma

Mwanangu binti_upareni, nimesomesha wawili, mmoja serikali mmoja binafsi. Hapo kwenye ada mwalimu kasema kweli na mimi naongezea kama mzazi. Vyuo vya binafsi ukiangalia kile kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) utaona ada ya masomo imeandikwa pale, lakini ukipokea barua ya chuo unakuta na vingine, usajili, mtihani, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, TP, bima ya afya. Omba fomu ya maelekezo ya kujiunga mapema, ukae na baba mjumlishe kwa kalamu. Wa kwangu tulijumlisha ada tu, semista ya kwanza tukauza mbuzi wanne ambao hatukupanga kuwauza.

Na bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, lisiwadanganye. Pesa ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 ikawa 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, ni afadhali, ila inaingia kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna wiki mtoto anapiga simu hana hata ya chumvi. Uzuri wa miji midogo ni kwamba geto na chakula ni nafuu kuliko Dar. Wangu aliyesoma Dar nauli ya daladala peke yake ilikuwa inammaliza. Kwa hiyo baba akisema cha serikali ni nafuu, mwambie ajumlishe na maisha ya Dar ndipo mlinganishe.

kijana_portal

Samahani mimi nitaongea upande ambao wengi hawapendi kuusikia. Nimemaliza ualimu wa sanaa 2016, Jiografia na Historia. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanapangiwa vituo, sisi tukakuta mlango umefungwa, nafasi zilipokuwa zinatoka kipaumbele kilikuwa hisabati na sayansi. Siku hizi mnaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kuna usaili, wa kuandika kwanza halafu wa mahojiano. Usaili wa mwanzo mwanzo mwaka 2025 nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba ni zaidi ya laki 2. Mi nilikuwemo kwenye hao laki 2, nimesimama foleni na watu niliowafundisha TP, mtoto niliyemfundisha kidato cha tatu tumekaa naye chumba kimoja cha usaili tunagombea nafasi ileile. Hiyo siku nililia nikiwa njiani narudi.

Lakini sijasema usisome. Nasema hivi, kwanza kwenye usaili hakuna aliyeniuliza jina la chuo, swali ni lile lile kwa wote, na waliopita niliowafahamu wengi ni wale waliokuwa wanafundisha kweli mtaani, shule za watu binafsi au kujitolea, manake maswali yanahusu darasa, azimio la kazi unaandaaje, mtoto mzito utamsaidiaje. Mtu aliyekaa nyumbani miaka mitano akisubiri anakuwa ameshasahau. Pili, angalia masomo ya kufundishia. Nafasi zinatangazwa kwa somo, utaona Mwalimu Daraja la III C Historia, III C Kiswahili, kila somo na idadi yake. Wewe una HKL, usikimbilie Historia na Kiswahili kwa sababu ni rahisi. Chukua Kiingereza na Kiswahili kama chuo kinaruhusu. Shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zinatafuta sana mwalimu wa Kiingereza aliyeiva, mimi na Jiografia yangu nilianzia laki tatu na nusu kwa mwezi na kwenye shule hiyohiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa ananizidi.

Na sosholojia usidhani huko ni peponi. Dada yangu kasoma. Maafisa ustawi na maendeleo ya jamii nafasi zinatoka chache, na huko unagombania na waliosoma Chuo cha Ustawi wa Jamii na chuo cha maendeleo ya jamii Tengeru ambao wamesomea kazi yenyewe. Mwalimu asipopata serikali anaweza kuingia shule ya binafsi kesho asubuhi hata kwa mshahara mdogo, msosholojia anaingia wapi?

tanga_line

Kijana_portal hapo mwisho umenigeuza kidogo. Sikuwa nimeliona hivyo, nilikuwa naangalia jina la chuo tu.

ndani_ya_darasa

Mimi nafundisha kozi za elimu kwenye chuo kidogo cha binafsi, kwa hiyo mnaweza kusema nautetea mkate wangu, lakini nina mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuyajua kabla hajaja kwetu.

Vyuo vidogo havifanani. Kipo ambacho wahadhiri ni wa kudumu na maktaba ina vitabu, na kipo ambacho nusu ya wahadhiri ni wa kuazima wanakuja Ijumaa na Jumamosi wanafundisha masaa sita mfululizo, mwanafunzi anatoka kichwa kinavuma. Kuna vyuo TCU iliwahi kuvifutia usajili na wanafunzi wakahamishiwa kwingine, wengine hapo katikati walipoteza muda mwingi. Sasa binti, kabla ya kuthibitisha ingia tovuti ya TCU uangalie vitu viwili, chuo kipo kwenye orodha, na kozi yenyewe imeidhinishwa, manake chuo kinaweza kuwa halali na kozi haijapitishwa. Halafu piga simu ofisi ya taaluma uulize, bila woga, mhadhiri wa Kiingereza ni wa kudumu au wa kuazima? TP mnatembelewa mara ngapi? Matokeo ya semista iliyopita yalitoka baada ya muda gani? Waliohitimu mwaka jana wameshapata vyeti na transkripti? Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito sana, nimeona kijana mzuri kakosa nafasi kwa sababu transkripti yake ilikuwa inasubiri sahihi ya mtu aliyesafiri.

Wakijibu kwa kujiamini, hapo pana chuo. Wakianza kukuzungusha, "wewe njoo tu utaona", basi usiende.

Na kuhusu mtaala, wengi hapa hawajaligusa, kuna mabadiliko makubwa mashuleni, sera ya elimu imehaririwa 2023, mitaala mipya imeanza kuingia 2024, na kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili ambalo sekondari linafundishwa kwa Kiswahili. Mwenye HKL kama wewe, aliyeiva Kiswahili na anayeijua Historia, tunamhitaji kweli. Sisi wenyewe tunahangaika kuwaandaa walimu wa kulifundisha bila kuligeuza kuwa somo la kukariri tarehe.

binti_upareni

Asanteni sana, nimewasomea baba na mama zote jana usiku kwa sauti, hiyo ya Songea baba kanirudisha nisome mara ya pili. Leo asubuhi nimepiga simu chuoni, kapokea mama mmoja ofisi ya taaluma, nimemuuliza yote. Kiingereza wana wa kudumu wawili na mmoja wa kuazima. TP wanatembelewa si chini ya mara mbili. Matokeo yalichelewa semista iliyopita, kakubali mwenyewe na kaniambia sababu. Vyeti vya waliohitimu mwaka jana vimeshatoka. Kiingereza na Kiswahili inaruhusiwa ila niwahi kujaza siku za mwanzo maana watu wakizidi wanahamishiwa Historia.

Ada tumejumlisha na baba nyuma ya karatasi ya vipimo vya suruali za wateja, ya miaka mitatu yote. Bila mkopo haiwezekani, nikipata mkopo hata nusu ya ada atasogeza. Nimethibitisha saa nane mchana. Sasa nimeingia kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo naona wanataka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na changu kina jina la babu wakati cheti cha kidato cha nne kina jina la ukoo. Hapo nafanyaje?

mama_watatu_dodoma

Hongera mwanangu. Hilo la majina lianze kesho asubuhi, usisubiri. Nenda kwa wakili hapo Same akuandalie hati ya majina inayoonesha kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, beba vyeti vyote viwili, halisi na nakala, na muulize lini itakuwa tayari. Na fomu ya mkopo inataka sahihi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti wetu sisi alikuwa shambani siku tatu, kwa hiyo mtafute wako leo jioni hii.