Krediti za bure za wingu kwa startapu: tuhame au tutulie? Naombeni ushauri

Mhandisi Mpole (mwanzisha uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watatu, tuna mfumo wa kusambaza video za mafunzo kwa makampuni. Kwa sasa tumekodi seva mbili za kawaida, bili haizidi dola 300 kwa mwezi. Juzi tumekubaliwa kwenye mpango wa startapu wa mtoa huduma mmoja mkubwa wa wingu (seva za kukodi mtandaoni): krediti za dola 10,000, yaani salio la kulipia huduma zao, muda wake mwaka mmoja. Mwenzangu anataka tuhamishe kila kitu wiki hii hii, yaani hifadhidata, foleni ya kazi zinazosubiri kuchakatwa, hadi huduma yao ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Anasema hela ya bure haingojewi. Mimi moyo unasita. Masharti nimeyasoma, ila najua yanayouma huwa hayawekwi ukurasa wa kwanza. Mliopita njia hii, nipeni ukweli.

bi_hesabu:
Mkuu, kabla ya yote shika kikokotoo. 300 mara miezi 12 ni 3,600. Zile 6,400 zilizobaki haziingii mwaka wa pili, zinafutika. Kwa hiyo msijione mna 10,000.

Balaa linaanzia hapo. Watu wakiona salio linakaribia kufutika, wanatafuta pa kulitumia. Mashine kubwa kuliko kazi, mazingira matatu ya majaribio yanayowaka usiku kucha, logi (kumbukumbu za mfumo) zinahifadhiwa milele. Mwezi wa 13 bili imefika dola 1,500, na wateja ni wale wale.

Na angalia mgao wa mwaka kwa mwaka kama upo. Mpango wa Google kwa startapu zilizopata mtaji umekuwa ukilipia matumizi yote mwaka wa kwanza hadi dola 100,000, halafu mwaka wa pili unalipia asilimia 20 tu ya matumizi. Bili ikiwa 5,000, wao wanatoa 1,000, wewe 4,000. Ukisikia tangazo lao la "hadi dola 200,000" huwezi kulijua hilo.

Jogoo wa Terminali:
Bi_hesabu kamaliza upande wa pesa. Mimi niongeze visivyolipiwa na krediti. Kwa AWS, wingu la Amazon, krediti kwa kawaida hazigusi usajili wa domeini (jina la tovuti), malipo ya mbele ya kukodi mashine kwa mkataba, wala programu nyingi za kampuni nyingine zinazouzwa AWS Marketplace, soko lao la programu. Hizo zinakata kwenye kadi huku salio lako la krediti likiwa limejaa.

Halafu GPU, zile chipu za kuchakata video na kazi nzito. Akaunti mpya mara nyingi kikomo chake cha mashine za GPU ni sifuri. Una krediti, lakini mashine huwashi mpaka uombe uongezewe, na ombi linaweza kukataliwa. Kama mna mpango wa kuchakata video kwa GPU, ombeni kabla hamjahama.

Ngamia Mzee:
Mnamtisha kijana bure. Sisi krediti zilitubeba mpaka tukapata wateja wanaolipa. Bila zile tungefunga. Chukua mkuu, acha woga.

bi_hesabu:
Mzee wangu, hakuna aliyesema asichukue. Swali ni ahamishe nini.

Jogoo wa Terminali:
@Ngamia Mzee nakuunga mkono nusu. Ila huyu ana video, na video ni data inayotoka kwenye seva kwenda kwa watazamaji, nayo inalipiwa. Bei ya kawaida ya AWS kwenye seva zao za Virginia, Marekani, ni dola 0.09 kwa GB baada ya GB 100 za kwanza kila mwezi. Akitoa GB 2,000, ni kama dola 171 kwa kutoa data peke yake, zaidi ya nusu ya bili yake yote ya sasa. Leo krediti zinaifunika, haioni. Weka na geti la NAT, linalozipa mashine za ndani njia ya kutoka kwenye intaneti, dola 0.045 kwa saa, karibu 33 kwa mwezi hata lisipopitisha kitu. Anwani ya IPv4, ile namba ya mashine kwenye intaneti, nayo inalipiwa tangu Februari 2024, dola 0.005 kwa saa kila moja. Ukizima mashine, diski yake inaendelea kuhesabiwa.

Mhandisi Mpole:
Shukrani sana wakuu. Si nikiweka kikomo cha bajeti itajizima yenyewe?

Jogoo wa Terminali:
Hapana! Hapo ndipo wengi wanaliwa. Bajeti kwa kawaida inakutumia barua pepe tu, haizimi kitu mpaka uiandikie utaratibu wa kuzima. Watu wanachanganya na lile jaribio la bure. Jaribio la Google la dola 300 kwa siku 90 likiisha, huduma zinasimama na hukatwi mpaka ukubali mwenyewe kuwa mteja wa kulipa. Krediti za startapu zinakaa juu ya akaunti kamili yenye kadi. Zikiisha saa nane usiku, saa tisa kadi inahesabiwa.

bi_hesabu:
Kwenye ripoti ya gharama kuna kichujio cha kuondoa krediti. Kiweke kila Jumatatu, usome bili kama vile unalipa mwenyewe.

Ngamia Mzee:
Haya, hilo la kichujio nimelikubali. Na kuhusu kuhama: hifadhidata iwe Postgres ya kawaida (programu huria inayoendeshwa popote), programu zako ziwe kwenye kontena, yaani vifurushi vinavyohamishika kirahisi. Foleni yao na ile huduma ya sauti zifungie nyuma ya msimbo wako mwenyewe, usizitawanye kila faili. Kutoa data siku ya kuondoka si tatizo kubwa tena, Google, AWS na Microsoft zote zilitangaza mwaka 2024 kusamehe ada hiyo kwa anayehama kabisa, japo unaomba kwanza. Kazi ni kuandika upya msimbo.

Mhandisi Mpole:
Nimeelewa. Video zinabaki zilipo. Tunahamisha majaribio na kazi ya kugeuza sauti kwanza, na ombi la GPU naliandika leo. Mwenzangu nimemtumia huu uzi, kanuna kidogo ila anasoma.

bi_hesabu:
Kabla hujabonyeza kukubali, uliza saa ya mwaka inaanza lini. Kama inaanza siku ya kukubali na hamjawa tayari, mtapoteza miezi mkiwa mnajipanga.