Tupeane uzoefu: Bibi zetu mainjinia, wasifu wao unaandikwaje?

MjukuuWaZege:
Wakuu, salaam. Bibi yetu mzaa mama ametutoka. Alikuwa injinia wa ujenzi, wa kizazi kile ambacho mwanamke akionekana saiti anaulizwa amemfuata nani. Kazi ya kuandika wasifu nimetupiwa mimi, na nimebanwa pande mbili. Wajomba wanataka nieleze alivyotulea sisi wajukuu, basi. Waliofanya naye kazi wananipigia simu kunitajia vyeo na madaraja. Nikitanguliza huku, kule kunasomeka kama nyongeza.

Kinachonitia hofu ni kisa cha Yvonne Brill. Mama huyu, mzaliwa wa Kanada, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 injini ndogo ya kusukumia satelaiti. Haidrazini, yaani fueli ya satelaiti, inavunjwa kuwa gesi, gesi inapashwa moto kwa umeme kabla ya kutoka, inachomoka kwa kasi zaidi, na fueli kidogo inafanya kazi kubwa. Satelaiti ikaweza kubaki kwenye njia yake muda mrefu zaidi. Mwaka 2011 Rais Obama alimvisha Nishani ya Taifa ya Teknolojia na Ubunifu. Alipofariki mwaka 2013 akiwa na miaka 88, gazeti la The New York Times lilifungua taazia yake kwa kusifu pishi lake la nyama na jinsi alivyomfuata mumewe kila alikohamia kikazi. Roketi zikasubiri aya ya pili! Wasomaji wakachachamaa, sentensi ya kwanza ikabadilishwa.

Sitaki bibi yangu afanyiwe hivyo. Ila pia sitaki wasifu unaosomeka kama barua ya maombi ya kazi. Waliokuwa na bibi au mama wa namna hii, mnamkumbuka kwa lipi? Leteni visa. Pole nimeshapokea nyingi, ahsanteni.

Timazi:
Wangu alikuwa wa umeme, vituo vya kupoza umeme. Kanuni yake: usiguse waya kwa kuambiwa tu kwamba umezimwa. Zima, piga kufuli, pima. Na kabla ya kupima, kijaribu kipimo chenyewe mahali penye umeme. Pima waya wako, kisha rudi ukijaribu tena kipimo, maana kinaweza kufa hapo katikati kikakuonyesha salama ya uongo.

Sasa sisi wajukuu tulipimwa hivyohivyo. Kikombe kikivunjika anakuita, anakuuliza kwanza jambo ambalo jibu lake analo. Kisha la kikombe. Kisha lingine ambalo jibu analo. Ukiteleza la kwanza au la mwisho, la kikombe halihesabiki, mnaanza upya. Nilikuja kuelewa tulichokuwa tunafanyiwa nilipofika chuo, mhadhiri anaeleza usalama kazini, nikaangua kicheko peke yangu darasani.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, hizo pande mbili unazosema sizioni. Andika kipimo na kikombe kwenye aya moja.

KonaYaRamani:
Naungana na Timazi. Bibi yangu alikuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi kabla hawajamkubalia kusaini kama injinia. Kila karatasi tuliyochora utotoni aliipigia kisanduku kona ya chini kulia: *imechorwa na, imehakikiwa na, tarehe, toleo*. Ukichora ng'ombe mwenye miguu mitano hakuambii umekosea. Anampelekea binamu yako ahakiki. Binamu akiliona kosa, unachora toleo B. Asipoliona na bibi akaliona, mnaulizwa wote wawili, na aliyehakiki ndiye anayeulizwa kwa ukali zaidi.

Urefu wetu ukutani nao ulikuwa na saini mbili. Kwa milimita. Binamu mmoja alibishia toleo lake, hadi leo haamini kwamba ni mfupi kuliko mimi.

WaPili:
Naomba nilete lisilopendeza. Mama yangu alikuwa injinia wa mabwawa. Miradi ile iko mbali na haimalizwi kwa msimu mmoja, na sisi tulilelewa na shangazi. Alikuwa akirudi nyumbani amechoka, anakagua madaftari kama anayekagua nondo, anaondoka tena. Simlaumu. Angekataa safari hata moja wangesema ndiyo maana hatuajiri wanawake, na angekuwa amewafungia mlango waliokuwa nyuma yake. Alilijua hilo, na alilisema wazi.

Alipostaafu, wanangu wakapata mtu nisiyemfahamu. Anakaa sakafuni. Anajenga nao ukuta wa mchanga, wanamwaga maji upande mmoja, anawaonyesha kwamba ukuta hauangushwi na maji yanayopita juu tu, hata yanayojipenyeza chini yake yanauchimba polepole. Anarudia mara zote watakazotaka. Mimi niko mlangoni nina wivu, mtu mzima mzima. Sisi wanawe tulipata mshahara wake, wanangu wakampata yeye.

Alipofariki, ndugu zangu waliandika "mama mlezi aliyejitoa kwa watoto wake". Wageni walipiga makofi, mimi nikainama. Mkuu, kama bibi yako alikuwa bora kwa wajukuu kuliko kwa wanawe, waulize wajomba zako kabla hujaandika. Usiwasemee.

MjukuuWaZege:
WaPili, umenisimamisha. Nitawauliza. Nahisi najua kwa nini mjomba mkubwa anasisitiza ulezi wa wajukuu na haigusi miaka ya nyuma.

Nukta:
Kwani lazima awe bibi wa mtu? Edith Clarke mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na bado hakupewa kazi ya uhandisi. Akawekwa kusimamia wanawake waliokuwa wakifanya hesabu kwa mkono. Akiwa hapo akabuni chati ya kukokotolea njia ndefu za umeme, iliyookoa saa nyingi za hesabu. Hakuolewa. Wasifu wake haukosi kitu.

Timazi:
Nukta, hakuna aliyesema lazima. Ila huyu wa mwenye uzi alikuwa na wajukuu, na mmoja wao ndiye anayeandika.

Nukta:
Sawa, nimekubali. Nachoka tu kuona wanaume mainjinia hawaulizwi kama walikuwa babu wazuri.

KonaYaRamani:
Hapo uko sahihi. Lillian Gilbreth naye, watoto 12, mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani, na kila anayemtaja anaanza na wale 12. Ingawa yeye mwenyewe alilipeleka jiko kwenye uhandisi: akapima hatua na kuinama kwa anayepika, jambo ambalo wenzake hawakuliona kama kazi ya injinia.

MjukuuWaZege:
Nimerudi. Wale wastaafu safari hii sikuwauliza vyeo, niliwauliza alikuwa anahesabu nini. Simu ilichukua jioni nzima. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa maungio ya madaraja, ile mianya inayoachwa ili chuma kipate pa kutanukia. Wakanikumbusha kipimo chake cha kichwani: mita 100 za chuma, joto likipanda nyuzi 10, urefu unaongezeka milimita 12 hivi. Usipoacha nafasi, daraja litajitafutia lenyewe.

Nikakumbuka kwamba kwenye gari alikuwa anatunyamazisha tukifika darajani. Matairi yakipita kwenye mwanya yanagonga *tak-tak*, na sisi tunahesabu. Mkubwa wetu aliwahi kupata jibu tofauti na la bibi, gari likageuzwa tukapita tena. Aya ya kwanza nimeipata, naanza na gari kugeuzwa.

Mjomba mkubwa nimempigia pia. Aliongea mengi. Ameomba sentensi moja ibaki na ameisema mwenyewe, nitaiweka kama alivyoisema, hapa siitoi.

Swali la mwisho: ana sanduku la michoro, karatasi angavu za kunakilia kwa wino na zile nakala za bluu. Binamu anataka kuzipiga plastiki tugawane. Nimkubalie?

KonaYaRamani:
Usikubali! Plastiki ikishashikana na karatasi haitoki, na joto la ile mashine linaweza kuziharibu zile za bluu. Selotepu pia hapana. Zilaze bapa, au ziviringishe kama mkeka kwenye bomba pana, mbali na jua na unyevu, kila moja uiandikie nyuma kwa penseli. Piga picha kisanduku cha kona kabla ya chochote, humo ndimo mna jina lake na tarehe. Na kabla ya kugawana, tazameni michoro ni ya nani: mingi huwa mali ya mwajiri au mwenye mradi. Kama daraja bado linatumika, anayelitunza anaihitaji kuliko nyie. Mpelekeeni kwanza nakala, hasa zile zinazoonyesha kilichojengwa kweli badala ya kilichokusudiwa.