Ngamiani Tanga wikiendi watu mnaenda wapi? Mi nalala tu

Mgeni_wa_Kange:

Wakuu habarini, wakubwa shikamooni. Nimeletwa Tanga kikazi tangu mwezi wa tatu nikitokea Dodoma, nimepanga chumba na sebule hapahapa Ngamiani, barabara ya ngapi sitaji maana mwenye nyumba wangu nae anashinda na simu. Kazi iko poa, mji umetulia, baiskeli kila kona na mpaka wamama watu wazima wanaendesha, kitu ambacho mimi kilinishangaza wiki nzima.

Shida ni wikiendi. Mapango ya Amboni nimeenda, Urithi pale kwenye boma la Mjerumani nimeenda, Raskazone nimekaa nikaangalia meli mpaka nikachoka nikarudi. Sasa nataka kuujua huu mtaa ninaolala. Usiku nasikia ngoma na sauti ya mtu kwenye spika, naamka nachungulia dirishani sioni kitu, asubuhi napita nakuta mtaa umefagiliwa kama hakuna kilichotokea. Nikitafuta mtandaoni matukio ya Tanga naletewa matangazo ya viwanja na nafasi za kazi. Kwani kuna mahali wanabandika ratiba? Kuna kumbi, wachoraji, taarabu ya laivu? Na chakula jamani, chipsi mayai nimezichoka mpaka yule kijana wa kibanda ananikaangia kabla sijaagiza.

Nawasilisha.

Mgosi_Barabara_12:

Mwe! Karibu sana mgosi. Ratiba hakuna na usijisumbue kuitafuta, ratiba ya Ngamiani ni turubai. Ijumaa jioni baada ya alasiri toka ndani, anza barabara za mwanzo huku karibu na reli panda nazo moja moja kwa namba zake, huwezi kupotea maana Mjerumani alichora mtaa umenyooka kama daftari la hesabu. Ukikuta turubai limekata barabara na bajaji zinageuza ujue hapo kuna jambo. Sasa jambo gani ndo inabidi usome.

Moshi wa kuni na masufuria makubwa usivitegemee, vipo kwenye kila kitu. Angalia viti na spika. Viti vimevalishwa vitambaa, spika zimepandana kama kabati na kuna kijana anasema "heloo heloo tesi" tangu saa tisa, hiyo harusi na usiku kuna muziki. Majamvi yametandikwa chini, vibendera vya kijani, vijana wa madrasa wamevaa kanzu zimepigwa pasi na harufu ya udi unaipata toka kona ya pili, hayo maulidi, kaa usikilize dufu na kasida, hakuna atakaekuuliza wewe nani. Mwezi wa Mfungo Sita, ule aliozaliwa Mtume, hapa hulali, zefe zinapita barabarani watoto mbele na matari nyuma, mi mpaka leo nikisikia zefe natoka hata kama nimeshika kijiko.

Halafu kuna turubai la tatu. Viti vya kawaida, hakuna spika, wanaume wamekaa nje wanaongea chinichini. Hapo salimia, kaa, kula ukipewa, na ukiwa na chochote toa.

Kijukuu_cha_Mdigo:

Hahahaaa hilo turubai la tatu lisikieni hivyohivyo. Mi mwaka nilohamia natokea Korogwe, Jumamosi mchana nakatiza zangu nikaona turubai, wamama wanaingia ndani kwa wingi na kanga zao, masufuria yanachemka, nikasema leo leo. Nikavuta kiti nikakaa karibu na mzee mmoja wa baraghashia. Nikakaa nikakaa, wali ukaja na maharage, nikala nikaongeza. Nikaona nimchangamshe mzee nikamuuliza, "Baba, kwani biharusi anatokea mlango gani?"

Mzee akanitazama, akameza tonge lake taratibu. Akaniambia "Mwanangu, mwenyewe tumetoka kumzika saa saba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikarudi na rambirambi yangu kwenye bahasha, wakanipokea vizuri tu, na yule mzee akawa kila akiniona barazani anawaambia wenzie "huyo ndo alokuja kuoa matangani". Miaka sita sasa. Jina langu halisi hawalijui.

Bi_Msambweni:

Mgosi umeeleza vizuri ila umeeleza kiume. Shughuli yenyewe iko uani na wewe mgeni huko huingii kaka'angu, sikufichi. Lakini umeuliza wachoraji. Wachoraji wa Ngamiani hawana ukumbi, wanachora miguu.

Mimi nafanya kazi ya hina na piko mwaka wa kumi na nne. Hina nachekecha kwa kitambaa chepesi mara mbili, naikanda na ndimu, nailaza usiku kucha ndo inashika rangi. Koni naisokota mwenyewe kwa nailoni, ncha nakata kwa wembe tundu dogo kama jicho la sindano, ukikata kubwa umeharibu kazi. Kwanza nazungusha mstari wa piko nyeusi, halafu ndani najaza hina, maua na korosho kama zile za kwenye kanga, kuanzia vidole mpaka karibu na goti. Biharusi amelala miguu juu ya mto, hatikisiki, analishwa na wifi zake na akitaka kujikuna anakunwa. Huku watu wanaimba, anaetoa mafumbo anatoa, na wa kujibiwa anajibiwa kwa kanga aliyovaa kabla hajafungua mdomo. Masaa manne matano. Baada ya wiki mbili hivi kazi yote imefutika, sasa nani atakuja kuweka kwenye jumba la sanaa?

Kwa hiyo ukitaka kuiona usiombe kuingia. Siku ya pili biharusi anapotolewa, miguu mtaiona wote. Na njia ya kualikwa ni moja tu, mchango. Mwambie mke wa mwenye nyumba wako "mama, kukiwa na shughuli msinisahau, na mimi nitachangia". Toa hata elfu tano. Kuanzia hapo kadi zitakufuata mpaka uzikimbie.

Tanga_Raha_Zamani:

Mnamdanganya mtoto wa watu. Ngamiani ya sasa sio ile. Vijana wako kwenye simu, taarabu ni mtu mmoja na kinanda au ni flashi imechomekwa kwenye spika, na baikoko ndo mnaiita utamaduni, ngoma ambayo ikianza inabidi uwatoe watoto. Halafu hizo spika saa nane usiku, mimi nina mgonjwa ndani, nikienda kuwaomba wapunguze naambiwa nina roho mbaya. Mgeni ukitaka sanaa ya maana subiri tamasha la Bagamoyo, wale wa chuo cha sanaa, TaSUBa, wanafanya kila mwaka tangu 1982, kuna jukwaa, kuna ratiba, unajua saa ngapi nani anapanda.

Mzee_wa_Baraza:

Wanangu hamjambo. Nimezaliwa Ngamiani na bado nipo, acheni niseme kidogo.

Huyu wa mgonjwa ana haki, saa nane usiku ni ukosefu wa adabu, zamani mtu alitumwa nyumba kwa nyumba kuomba radhi kabla shughuli haijaanza. Lakini kusema mtaa umekufa, hapana. Ngamiani tangu mwanzo imekuwa mtaa wa watu waliokuja. Mkonge uliletwa Tanga 1893 na mwaka huohuo wakaanza kujenga reli, na mashamba yalipopanuka manamba, yaani vibarua wa mkonge, wakaletwa kutoka pembe zote za bara. Aliyetoka shambani akapata kazi mjini alipanga huku ng'ambo ya reli, na kila mtu alikuja na ngoma yake. Ile Jamhuri Jazz mnayoisikia kwenye redio za wazee, jina lake la mwanzo ni Young Nyamwezi. Bendi ya Tanga, jina la Wanyamwezi! Wapinzani wao wakawa Atomic Jazz, na mtu ukiwa wa Atomic hukanyagi dansi la Jamhuri.

Na taarabu hivyohivyo. Miaka ya sitini Black Star walipoingiza gita la umeme na besi, wazee waliozoea fidla na udi walisema hii sasa ni dansi limevaa kanzu. Kama anavyosema ndugu yetu hapo juu kuhusu kinanda! Lakini watu wakacheza. Lucky Star nao wakaja, na Bi Shakila kapita kote huko kabla ya kwenda Dar kwenye JKT Taarab, mpaka Mungu alipomchukua 2016. Sauti ile niliisikia nikiwa nimekaa juu ya ukuta kwa sababu sina hela ya kiingilio.

Mgeni, kitu kingine. Siku Coastal Union, timu yetu ya mpira, wanacheza uwanja wa Mkwakwani usikae ndani. Hata kama mpira hupendi, kaa barazani usikilize watu wa African Sports, wapinzani wao wa hapahapa Tanga, wanavyowaombea mabaya. Coastal walichukua ubingwa wa nchi 1988 na mpaka leo mtu akikunywa kahawa kikombe cha tatu lazima aurudie. Na ukipata Jumapili moja tulivu, nenda Vibambani huko alikozaliwa Shaaban Robert 1909 na ndiko alikozikwa. Si mbali. Usitegemee makubwa, nenda tu umsalimie.

Mgosi_Barabara_12:

Mzee shikamoo, umenikumbusha marehemu baba, yeye alikuwa Atomic mpaka kufa.

Chakula tumemsahau mgeni. Alfajiri baada ya swala fuata moshi, kuna mama anakaanga vitumbua kwenye karai la mashimo saba, kaa palepale kwenye benchi na maharage ya nazi, usichukue vya kubeba vikipoa vinakuwa vingine. Mchana uliza wapi wanapika bada. Usiulize hoteli zenye menyu, uliza wanaobeba mizigo sokoni. Bada ni ugali wa muhogo mkavu, mweusimweusi unateleza, na mchuzi wa nazi wa ng'onda, samaki mkavu. Siku ya kwanza utaona kama adhabu maana mtu wa Dodoma utataka kuutafuna kama ugali wa mtama, bada haitafunwi, unakata tonge dogo unazamisha mchuzini unameza. Ya pili utauliza mwenyewe kesho mnapika. Jioni kuna wa pweza na supu yake, wa mihogo na chachandu, kachori, halafu usiku kahawa. Ukisikia vikombe vinagongana ka ka ka gizani, huyo ni muuza kahawa na dele lake, birika la kahawa, kaa nae, kashata mbili, hapo ndo utajua turubai la kesho liko barabara ya ngapi. Hiyo ndo ratiba uloitafuta.

Bi_Msambweni:

Na atakwambia ni la nini, asije akatafuta biharusi matangani 😂

Kijukuu_cha_Mdigo:

Mnanionea.

Mgeni_wa_Kange:

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho.

Ijumaa nilikaa na muuza kahawa, akaniambia Jumamosi barabara ya tatu kutoka kwangu kuna harusi. Nilikuwa nimeshamwambia mama mwenye nyumba habari ya mchango kama dada alivyoelekeza, akacheka sana akasema "kumbe unajua watu", akapokea elfu tano yangu akaiandika kwenye daftari. Jumamosi saa tano asubuhi nagongewa mlango. Nikadhani naitwa kula. Naitwa kubeba viti! Viti mia na kitu, mimi na vijana wengine wanne na mkokoteni, halafu tukafunga turubai, kamba yangu ikafunguka mara mbili, mzee mmoja akaja akanionyesha fundo akasema "we wa bara?" nikasema ndio, akasema inaonekana.

Lakini nilikula pilau nikiwa nimekaa kwenye sinia moja na watu wanne nisiowajua na wote sasa nikipita wananiita. Taarabu ilikuwa ya kinanda, ni kweli kama alivyosema bwana mmoja hapo juu, ila alikuwepo mama mtu mzima akaomba kipaza sauti akaimba kitu cha zamani bila kinanda kabisa, watu wakanyamaza mpaka wanaoosha masufuria. Sikuelewa hata mafumbo yenyewe, jirani yangu akawa ananitafsiria Kiswahili kwa Kiswahili. Saa sita usiku walizima, nilifurahi kwa ajili ya mgonjwa wa watu.

Miguu ya biharusi niliiona. Korosho nilizitambua.

Aibu moja tu. Watu walikuwa wanaenda mbele kumtunza yule mama muimbaji, mimi nikainuka na noti ya elfu kumi ndo pekee niliyokuwa nayo, nimefika mbele nikaona wenzangu wanacheza wanatoa moja moja taratibu, mimi nikampa yangu nikageuka kurudi mbio kama nimelipa bili. Watu walicheka. Sasa Jumamosi ijayo nina kadi nyingine, hapo inakuwaje?

Bi_Msambweni:

Ijumaa pita kwa muuza duka uchenji, zote elfu moja moja. Elfu kumi hiyohiyo inakupa safari kumi za kwenda mbele. Unaenda unacheza kidogo, unamuwekea moja, unarudi nyuma, unaenda tena. Na usivae hizo raba.