Ushauri: likizo ya uzazi inaisha, nyumbani wanataka mtoto aanze maji

Mama_Makorora:
Habari za jioni, ndugu zangu wa Tanga. Mtoto ana wiki 10, ananyonya tu. Baada ya wiki 2 narudi kazini Chumbageni, saa 2 asubuhi hadi 11 jioni. Mama mkwe anasema kwa joto hili mtoto atakauka bila maji, na maziwa yangu mepesi, aonjeshwe uji. Nataka afike miezi 6. Nifanyeje?

Mkunga_wa_Pwani:
Hongera, mama. Maji kwanza: karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo mtoto akihisi kiu mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Ukimpa maji tumbo linajaa, ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza. Hapo ndipo watu husema maziwa yamekauka. Wepesi usikutishe, yanayotangulia huwa mepesi na mafuta huja mwishoni, basi amalize titi moja kabla ya kumhamishia jingine. Mwonyeshe mama mkwe kadi ya kliniki: mstari wa uzito unapanda, na mtoto anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe. Hayo yanatosha kumtuliza bila ugomvi.

Kukamua anza leo, usingoje siku ya kuripoti. Nawa kwa sabuni. Dole gumba juu ya weusi wa chuchu, vidole vingine chini, sentimita 3 au 4 kutoka chuchu. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, ndiko kunakoleta michubuko. Dakika chache za mwanzo huenda lisitoke tone, endelea tu. Badilisha titi kila yakipungua, jumla dakika 20 hadi 30.

Mama_Makorora:
Asante sana, dada. Niache kiasi gani, na yatakaa?

Mkunga_wa_Pwani:
Kadiria mililita 30 hadi 45 kwa kila saa usiyokuwepo. Pamoja na daladala ni saa 10, yaani 300 hadi 450. Gawa vikombe vya 60 hadi 90, maana kilichobaki baada ya kunyweshwa kinamwagwa ndani ya saa 2. Yaliyokamuliwa hukaa nje saa 4 ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na chumba cha Tanga mchana huzidi, kwa hiyo yaingie haraka kwenye deli lenye barafu. Kwenye friji siku 4, nyuma kabisa, siyo mlangoni. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, zungusha chombo taratibu. Kupasha, tia chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usibandike jikoni.

Anyweshwe kwa kikombe kidogo, amekalishwa wima. Kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu mdomoni, alambe mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa. Usiku anyonye anavyotaka, ndiko maziwa yanakojazwa.

Haki_Kazini:
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Andika barua wiki hii, utaje saa unazotaka, baki na nakala.

Takwimu_Tz:
Utafiti wa kitaifa ulikuta wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee chini ya miezi 6 ni asilimia 41 mwaka 2004–05, 59 mwaka 2015–16, 64 mwaka 2022. Tumepanda sana. Lakini wastani huo unaficha umri: mtoto wa mwezi mmoja na wa miezi mitano hawako sawa hata kidogo, kiwango hushuka kadiri mtoto anavyokua, na siku 84 za likizo zinaisha katikati ya mteremko huo. Mwenye meza ya sokoni Ngamiani hana likizo, ila mara nyingi mtoto yuko naye mgongoni.

Mkunga_wa_Pwani:
Kwa anayesoma na anaishi na VVU: maziwa pekee miezi 6, ARV kila siku bila kuruka, na mtoto apewe dawa zake za kinga. Usichanganye na uji wala maziwa ya kopo bila kuongea na kliniki.

Mama Makorora, Jumamosi fanya jaribio: toka nyumbani kwa muda wa saa 4, mama mkwe ndiye anyweshe kikombe. Ukirudi utajua mililita 90 kwa kikombe zinatosha au hazitoshi.