Ufa juu ya barabara ya mgodi unapanuka: nisimamishe kazi ukifika milimita ngapi?

Mpima wa Zamu:
Wakuu, naombeni msaada wa haraka. Mimi ni mpima, tunachonga barabara ya malori ubavuni mwa mlima kuelekea shimo jipya. Upande wa juu tumekata mwamba kimo cha mita 18 hivi, upande wa chini ni kifusi tulichomwaga wenyewe. Siku mbili baada ya kulipua niliona ufa mita 6 nyuma ya ukingo wa mkato. Nyasi ndizo zilizonionyesha: mizizi yake imevutika kutoka upande mmoja hadi wa pili kama nyuzi za cherehani.

Nimepiga vyuma viwili, kimoja kila upande wa ufa, na napima kwa utepe wa chuma. Kila siku umeongezeka hivi: Jumatatu milimita 2, Jumanne 2, Jumatano 3, Alhamisi 4, leo Ijumaa 6. Prizima 3 za ukutani, vile vioo vya kurudisha mwali wa chombo cha kupimia, hazieleweki, leo zinasogea mbele, kesho zinarudi. Kituo, yaani chombo chenyewe cha kupimia, nimekisimamisha kwenye bega la barabara, maana ndiko kuna uwazi.

Msimamizi anasema milimita 6 ni unene wa penseli, eksikaveta iendelee kuchimba chini. Opereta wake namfahamu, tunakula pamoja. Kuna kipimo kinachokubalika cha kusimamisha kazi?

Opereta wa Buldoza:
Pole kaka. Sisi tulikuwa tunapandisha buldoza juu, tunapunguza uzito nyuma ya ukingo. Mlima ukipungua mzigo unatulia.

Mzee wa Mwamba:
Mpima, mtoe huyo opereta leo hii, kisha uje usome mengine.

Kipimo kimoja cha milimita kinachofaa kila mlima hakipo. Nimeona mwamba ukitambaa milimita 10 kwa siku miezi mizima usianguke, na mwingine ukaondoka kabla haujafika hapo. Tazama mwendo unavyoongezeka. Kasi ikilingana kila siku, una muda wa kufikiri. Yako inapanda kila siku tangu Jumatano.

Chukua karatasi ya miraba. Gawa 1 kwa kasi ya kila siku: 0.5, 0.5, 0.33, 0.25, 0.17. Weka alama, chora mstari, uone unakata sifuri wapi: hapo ndipo mwamba unapotarajiwa kuondoka. Wako unaelekea sifuri kati ya Jumamosi na Jumapili. Siyo saa ya miadi, mlima unaweza kuwahi au kuchelewa, ila penseli ya msimamizi haina jibu kwa mstari huo.

Buldoza nyuma ya ukingo, ndugu yangu, hapana. Kupunguza mzigo juu ni dawa ya kweli kwa mlima uliotulia. Huu unakimbia, na ukiweka mashine hapo umeongeza mzigo na mtetemo, na mtu ndani yake. Vilevile usimtume mtu chini kurundika mawe ya kuegemeza ukuta wakati kasi inapanda.

Acha kuchimba mguu wa mteremko, acha kulipua, funga barabara pande zote mbili. Halafu maji. Ufa wa kina cha mita 4 ukijaa maji unasukuma ukuta kwa nguvu ya karibu tani 8 kwa kila mita 1 ya urefu wake. Kina kikiwa mita 8, inakuwa tani 32. Chimbeni mtaro upande wa mlimani, mbali na ufa, mgeuze maji ya mvua yasiufikie. Kwa mkono, na mtu wa kuangalia awepo.

Mgodi wa shaba wa Bingham Canyon kule Marekani, tarehe 10 Aprili 2013, uliporomokewa na ukuta mara mbili kwa tofauti ya saa moja na nusu hivi. Walikuwa wanaufuatilia kwa rada na prizima tangu miezi ya nyuma, wakatoa watu mapema. Hakuna aliyeumia. Vyombo vyao vilikuwa vizuri, lakini vilisaidia kwa sababu namba ilipobadilika mtu alikubali kusimamisha mgodi.

Kamba na Kigingi:
Naongeza kwenye vipimo. Utepe wa mkono unakosea milimita 1 kwa urahisi, kwa hiyo hizo 2 na 2 za mwanzo usiziamini sana. 4 na 6 ziamini. Pima kwa saa zilezile, chuma kinarefuka juani. Piga vyuma jozi 3 kwenye ncha na katikati ya ufa, ujue kama unarefuka pia.

Na kituo chako ndicho kinachokudanganya. Kifusi kinashuka, malori yanakitikisa. Kihamishie kwenye mwamba mzima ng'ambo ya bonde, na prizima ya rejea nayo iwe nje kabisa ya eneo linalosogea.

Mpima wa Zamu:
Asanteni sana wazee wangu. Nilimpelekea meneja ile karatasi ya miraba, hakubishana, eksikaveta iliondolewa Ijumaa jioni. Jumamosi ufa ulipanuka milimita 7, sikulala. Jumapili 5, leo Jumatatu 3. Kituo kiko ng'ambo sasa na prizima zote 3 zinakubaliana na ufa. Swali la meneja ni lini tufungue.

Mzee wa Mwamba:
Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Kasi ikishuka ikafika 0 na kukaa hapo, msifungue bado. Subirini mvua moja kubwa ipite, mpime kila saa wakati inanyesha na siku mbili baada yake. Maji hufika ndani kwa kuchelewa. Na mkianza tena, mkato uwe na ngazi, msirudie ukuta mmoja wa mita 18.