Mrejesho: mwandiko wa binti yangu wa P.3 (darasa la tatu)

Jamani, nilikuja kuomba msaada muhula uliopita: binti yangu anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinapandana, na mkono unamuuma kabla hajafika nusu ukurasa. Asanteni mlionijibu.

Vile vishikio vya mpira vya penseli mlivyonishauri nilivizungukia soko zima la Owino, Kampala, nikavikosa. Nikavipata kwenye duka la vitabu mjini, bei ya kuumiza, na wiki haijaisha alikuwa ameshavitafuna. Basi nikafuata wazo la yule dada wa Jinja aliyenijibu hapa: rababendi, izungushiwe penseli sentimita 3 hivi kutoka kwenye ncha. Vidole haviteremki tena, na anaona anachoandika.

Ila dawa yenyewe ilikuwa daftari, wala si kifaa. Alikuwa analiweka wima, kwa hiyo kiganja kinapita juu ya maneno aliyokwisha andika na kifundo cha mkono anakipinda kama ndoano. Sasa tunalilaza upande, kona ya juu kushoto ikiwa juu kuliko ya kulia, kinyume na wanaotumia mkono wa kulia. Siku tatu za kununa, kisha akazoea. Penseli nimebadilisha kutoka HB kwenda 2B, maana ni laini na hakandamizi sana, japo inachongwa kila mara.

Daftari la mistari minne linasaidia pia. Herufi g na y bado zinaelea hewani. Dakika 10 kila jioni, kabla ya chakula, posho (ugali) na maharage. Tukizidisha hapo analia.