Naomba ushauri: nikasome muziki Cuba, nianzie Santiago au Matanzas?

Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro, mji wa marehemu Salum Abdallah na Cuban Marimba Band yake. Wazee wetu waliupata muziki wa Cuba kupitia santuri. Mimi nataka kukaa na wanaoupiga, kwao.

Kinachonitesa ni klave, mdundo wa msingi unaoongoza muziki wa Cuba. Mapigo matatu upande mmoja, mawili upande wa pili: kwa kupiga makofi naiweza. Nikiingia na gitaa naegemea pigo la kwanza, wakati besi ya son, muziki wa dansi wa Cuba, hulikwepa na kutangulia kidogo. Hilo nataka nirekebishwe nimekaa na mwalimu, video hazijanisaidia.

Santiago de Cuba kuna son, Casa de la Trova (ukumbi maarufu wa muziki), na tres, gitaa lile la nyuzi zilizopangwa jozi tatu. Matanzas ni rumba ya ngoma na sauti, mji wa kundi la rumba la Los Muñequitos. Moyo wangu uko Santiago, ila nahisi bila ngoma sitaielewa klave. Havana nitapita tu.

Waliowahi kwenda: ni bora mwalimu binafsi au shule? Nyumba za familia zinazopangisha wageni zinaruhusu mazoezi usiku? Umeme huko unakatika sana, kwa hiyo nabeba gitaa kavu na nyuzi za akiba nyingi, maana nasikia wanamuziki wa kule wanazihitaji. Na Kihispania, nijifunze kiasi gani kabla ya safari?